Upuuzi Usiovumilia Kosa: Mchezo wa Maneno katika Maandishi ya John Lennon na Jaribio Lake katika Kiswahili

Ikisiri

Mwaka 1964 mbunge mmoja wa Uingereza alikitumia kitabu cha John Lennon, In His Own Write, kuwa ushahidi kwamba shule za nchi hiyo zilikuwa zikitoa vijana wasiojua kusoma na kuandika sawasawa. Makala hii inayarejea mashtaka hayo kwa jicho la kiisimu. Kwa kuchambua majina ya vitabu na visa vya Lennon, kisha kuyajaribu katika Kiswahili, makala inadai kwamba neno la kubuni husimama pale tu sarufi inayolizunguka inaposhikwa kwa ukali kuliko kawaida. Aidha, inaonesha kwamba mchezo ambao Kiingereza huujenga juu ya pengo lililopo kati ya tahajia na matamshi, Kiswahili huuhamishia kwenye jozi mlinganuo finyu na kwenye upatanisho wa kisarufi wa ngeli.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja wao, akieleza kampeni za uchaguzi kijijini kwao, aliandika kwamba wagombea walikuja kuomba kula. Nikalizungushia neno hilo duara jekundu, nikaandika pembeni kwamba ni r, si l, nikapunguza alama, nikaendelea. Nilipofika ukurasa wa tatu ndipo nilipogundua kwamba mahali pengine pote mwanafunzi huyo alikuwa ameandika kura bila kukosea, na kwamba ile kula moja ilikuwa imewekwa katika sentensi iliyozungumzia wali na soda. Alama nilimrudishia, duara lilibaki.

Kosa na mchezo vinaweza kuwa na umbo moja kabisa karatasini. Kubadilishana kwa l na r ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili hulikuta kila wiki, nalo husababishwa na athari za lugha mama au za lahaja. Ni jambo hilohilo wachekeshaji wetu hulitumia kwa makusudi. Je, msomaji ana kigezo gani cha kutenganisha hali hizi mbili, zaidi ya kumuuliza mwandishi alikusudia nini? Swali hili lina uzito kwa yeyote anayesahihisha mitihani, anayehariri miswada au anayehakiki mashairi ya kizazi kipya, kwa kuwa hukumu ya kutojua lugha hutolewa kwa urahisi mno, na mara nyingi hutolewa dhidi ya vijana, watu wa tabaka la chini na watunzi wa nyimbo.

Nimeuchagua mfano wa Lennon kwa sababu kesi yake ilisikilizwa hadharani, tena bungeni, na kwa sababu data yake ni fupi na inaeleweka. Sababu ya tatu inatugusa sisi. Fasihi ya upuuzi ya Kiingereza, ambayo Lennon ni mrithi wake, ilikwisha kuingia katika Kiswahili zamani. Kitabu cha Lewis Carroll kuhusu Alice kilitafsiriwa na E. V. St. Lo kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, kikachapishwa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Mwaka huohuo, tarehe 9 Oktoba, Lennon alizaliwa Liverpool. Tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2015. Kwa hiyo suala la namna Kiswahili kinavyobeba mchezo wa maneno wa aina hii lina zaidi ya miaka 80, ingawa wanaisimu tumeliachia wafasiri wahangaike nalo peke yao.

Neno upuuzi linatumika katika makala hii bila dharau. Linamaanisha matini ambayo baadhi ya maneno yake hayana maana inayojulikana, au yamewekwa mahali pa maneno mengine yanayofanana nayo kwa sauti, kiasi kwamba msomaji anasikia matini mbili kwa pamoja: ile iliyoandikwa na ile iliyotarajiwa.

2.0 Vitabu na Mashtaka

Lennon alianza mchezo huu kabla ya kuanza muziki. Akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Quarry Bank alitengeneza kwa mkono gazeti la kujifurahisha lililoitwa The Daily Howl, lenye michoro na habari za uongo, likawa linapitishwa chini ya madawati. Mwaka 1961 gazeti la muziki la Liverpool, Mersey Beat, likachapisha vichekesho vyake. Baada ya kundi la Beatles kupata umaarufu, kampuni ya Jonathan Cape ilikusanya maandishi na michoro yake katika kitabu, In His Own Write, kilichotoka tarehe 23 Machi 1964. Cha pili, A Spaniard in the Works, kilifuata Juni 1965.

Chimbuko la mtindo wenyewe halifichiki. Lennon alikuwa amesoma vitabu vya Carroll tangu utotoni, na alikuwa msikilizaji mwaminifu wa The Goon Show, kipindi cha vichekesho kilichorushwa na redio ya BBC kuanzia mwaka 1951 hadi 1960. Wahakiki wengi walimlinganisha na James Joyce wa Finnegans Wake, ingawa mwenyewe alisema hakuwa amemsoma Joyce wakati alipokuwa akiandika. Katika ukoo huu, mimi ningeipa redio uzito mkubwa kuliko maktaba. Mchezo wa Lennon ni wa mtu aliyejifunza Kiingereza cha watangazaji, cha wahubiri na cha vitabu vya shule kwa sikio, akakirudisha kikiwa kimepinda.

Mapokezi yaligawanyika. Mhakiki wa Times Literary Supplement alikipendekeza kitabu cha kwanza kwa wale wanaohofia kwamba Kiingereza kinafukarika. Tarehe 23 Aprili 1964, siku ya maadhimisho ya miaka 400 tangu kuzaliwa kwa Shakespeare, duka la vitabu la Foyles lilimwalika Lennon kuwa mgeni wa heshima katika karamu yake ya fasihi jijini London. Lakini mwezi Juni, Charles Curran, mbunge wa Uxbridge, alisimama katika Bunge la Uingereza akasoma shairi moja la kitabu hicho. Alikubali kwamba kijana huyu ana hisia fulani ya maneno, ila akadai kwamba yuko katika hali ya kusikitisha ya kutojua kusoma na kuandika ipasavyo. Akaongeza kwamba Lennon anaonekana kuokoteza vipande vya Tennyson, vya Browning na vya Robert Louis Stevenson huku sikio moja likisikiliza matokeo ya mpira redioni. Hoja yake ililenga elimu ya watoto wa Liverpool, na kwa nia yake haikuwa hoja ya uadui.

Kuna jambo ambalo mbunge huyo hakuligundua katika maneno yake mwenyewe. Ikiwa masikio yake yaliweza kumtambua Stevenson ndani ya kitabu, basi aliyemweka Stevenson humo alikuwa amemsoma vya kutosha hadi kumfanya atambulike hata baada ya kuvurugwa. Hakuna anayeweza kuigiza mwendo wa mtu asiyemfahamu.

Hata hivyo, upande wa utetezi usitie chumvi. Tahajia ya Lennon ilikuwa mbovu kweli, naye hakuificha. Baadhi ya maneno yaliyopinda katika vitabu hivi yalianza kama makosa ya kawaida, kisha yakaachwa kwa kuwa yalipendeza. Curran alikuwa sahihi kuhusu sehemu ya ukweli na akakosea katika hitimisho. Mtu anaweza kuwa mbovu wa tahajia na bado akawa hodari wa kuchagua, miongoni mwa makosa kumi, lile moja linalozaa maana.

3.0 Kile Kinachooneshwa na Majina

Kwa kuwa majina ya vitabu na visa yana mchezo uleule uliomo ndani, yanatosha kuwa data. Tuanze na jina la kitabu cha kwanza. Kiingereza kina msemo unaosema kwamba mtu ni kitu fulani in his own right, yaani kwa haki na hadhi yake mwenyewe, bila kutegemea jina la mwingine. Lennon ameliondoa neno lenye maana ya haki akaweka write, kuandika. Maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa kabisa. Sikio halioni tofauti. Jicho peke yake ndilo linaloona. Hapo kuna utani wa ziada: mwanamuziki, ambaye kazi yake ni ya masikio, anajitambulisha kuwa mwandishi kwa njia ya utani unaoweza kuonekana karatasini tu.

Jina la kitabu cha pili linafuata njia nyingine. Waingereza husema mtu ametia spana katika mashine wakimaanisha kwamba ameharibu jambo lililokuwa likienda vizuri. Lennon amegeuza spana kuwa Mhispania. Hapa sauti hazilingani kabisa, zinakaribiana tu, na kifaa kimekuwa binadamu. Msomaji anapata picha ya mtu mzima aliyekwama kati ya magurudumu ya mashine.

Kisa cha "Snore Wife and Some Several Dwarts" kinastahili kukaliwa zaidi. Ni hadithi ya Snow White na vibete saba. Snow imekuwa Snore, yaani koroma. Katika lafudhi ya Liverpool, r ya mwisho wa silabi haitamkwi, hivyo maneno hayo mawili yanatofautiana kwa irabu tu. White imekuwa Wife, mke: t ya mwisho imekuwa f. Sasa tuangalie vibete. Neno la Kiingereza ni dwarfs, lenye f. Lennon ameandika Dwarts, yenye t. Kwa maneno mengine, t iliyotoka kwa binti imekwenda kwa vibete, na f ya vibete imekwenda kwa binti. Hakuna sauti iliyopotea, zimebadilishana makazi. Iwe alikusudia au ni masikio yake yaliyokusudia kwa niaba yake, mbadilishano huu si wa mtu asiyejua fonimu za lugha yake zinakaa wapi. Na katikati ya jina hilo, idadi kamili ya vibete, seven, imebadilishwa na several, neno lisilo na hesabu lakini lenye mwanzo uleule wa sauti.

Katika kisa cha "The Singularge Experience of Miss Anne Duffield", ambacho ni kejeli ya hadithi za Sherlock Holmes, kuna uhulutishaji. Maneno mawili, singular lenye maana ya pekee na large lenye maana ya kubwa, yameunganishwa kwa kutumia kipande wanachochangia, lar. Kiswahili sanifu kina uhulutishaji pia. Tumetengeneza chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana. Lakini maneno yetu hayo yameunganishwa kwa kukatwa na kubandikwa, ilhali la Lennon limeunganishwa kwa kupishana, mwisho wa moja ukiwa tumboni mwa lingine. Uteuzi wenyewe pia una shabaha, maana singular ni neno ambalo Conan Doyle alilipenda sana katika hadithi za mpelelezi huyo. Lennon amechukua kipenzi cha mwandishi mwingine na kukinenepesha.

La mwisho katika kundi hili ni shairi la "I Sat Belonely". Baada ya kitenzi cha kuketi, silabi be- humwandaa msomaji wa Kiingereza kwa neno la mahali, kwa kuwa maneno kadhaa yenye maana ya chini ya au kando ya huanza na silabi hiyo. Kinachofuata ni upweke. Mshairi amekaa pale ambapo lugha ilitazamia mti au ukuta, na upweke umekuwa mahali pa kukalia. Nakiri kwamba hapa mchezo umevuka kichekesho. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo kitabu kinamruhusu msomaji amwone aliyejificha nyuma ya mizaha.

Visa vyenyewe havina upole huo kila mara. Vinaishia kwenye vipigo na vifo vya ghafla, na vinawacheka walemavu kwa namna ambayo msomaji wa leo huikuta na uchungu. Uchambuzi wa kiisimu hauondoi jambo hilo, wala ustadi wa kupanga fonimu haumtakasi mtu. Nalitaja kwa sababu wapenzi wa Lennon huwa wanaliruka.

4.0 Sarufi Inayobaki Imesimama

Katika mifano yote hii kuna kitu ambacho Lennon hakukigusa. Vibainishi viko mahali pake. Viunganishi viko mahali pake. Mpangilio wa kivumishi na nomino haukubadilika. Alama ya wingi imebandikwa kwenye Dwarts kama inavyobandikwa kwenye neno lolote halali. Kilichovurugwa ni maneno ya kimaudhui tu. Noam Chomsky, katika Syntactic Structures (1957), aliikumbusha taaluma yetu kwamba usarufi wa sentensi na maana yake ni mambo mawili tofauti. Mwaka uliofuata Jean Berko alionesha kwamba watoto wadogo waliooneshwa mchoro wa kiumbe wa kubuni, wakapewa jina lake lisilo na maana, waliweza kutaja wingi wake bila kufundishwa. Lennon alikuwa Liverpool akichora vikaragosi wakati huo, na bila shaka hakuwa na habari na yeyote kati ya hao, lakini alikuwa akifanya kazi katika uwanja uleule.

Kiswahili hulionesha jambo hili kwa nguvu zaidi kuliko Kiingereza. Tuitazame sentensi niliyoibuni kwa ajili ya darasa:

Vipwengu vitatu vilivyozondomoka jana vimemlubaza mchwami wetu.

Hakuna anayejua kipwengu ni nini. Hata hivyo, msemaji yeyote wa Kiswahili anaweza kujibu maswali kadhaa. Vilikuwa vingapi? Vitatu. Kimoja kinaitwaje? Kipwengu. Nini kilivipata? Vilizondomoka, tena jana. Mchwami ni mtu au kitu? Ni mtu au kiumbe chenye uhai, kwa maana kiambishi cha mtendwa -m- kimeingia katika kitenzi. Wakiwa wengi tutawaita wachwami. Kitendo cha kulubaza kinaelekea kuwa cha kusababisha, kwa kuwa kina mwisho unaotukumbusha pumbaza na shangaza. Na ingawa kuzondomoka hakumo katika kamusi yoyote, wanafunzi wangu karibu wote walikiri kwamba walisikia kitu kikianguka, bila shaka kwa sababu ya poromoka na bomoka.

Maana yote hiyo imebebwa na viambishi. Kila sehemu ya sentensi inarudia ngeli ya kile kisichojulikana, mpaka kinakuwa kama kinajulikana. Katika Kiingereza neno la kubuni huchukua s ya wingi, basi. Kwetu sisi, neno la kubuni linaweka alama yake kwenye sifa, kwenye kirejeshi na kwenye kitenzi. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakifai kwa fasihi ya upuuzi, kwa kuwa tahajia yake imenyooka mno, wanatafuta utajiri mahali pasipo pake.

Sasa tuiharibu sentensi hiyohiyo kisarufi: Vipwengu yule kilizondomoka jana yamemlubaza zetu mchwami. Kicheko kimekwisha. Tumebaki na kelele. Sentensi ya kawaida huweza kustahimili kosa la upatanisho, kwa sababu msikilizaji huirekebisha kwa kutumia maana ya maneno. Mtu akisema kitabu yangu imepotea tunamwelewa na tunaweza hata kumsaidia kukitafuta. Sentensi ya upuuzi haina akiba hiyo. Ikikosea sarufi, haina kingine cha kuegemea. Ndiyo maana nadai kwamba upuuzi unamdai mwandishi umilisi mkubwa wa sarufi kuliko maandishi ya kawaida, na kwamba kigezo tunachokitafuta kinapatikana hapa. Kosa la mtu asiyejua husambaa: huonekana katika maneno ya kimaudhui na katika viambishi vilevile, tena hurudi kila mara. Mchezo huteua mahali pa kupiga, na pembeni yake kila kitu huwa sawa. Mwanafunzi wangu wa kula na kura alikuwa amenipa ushahidi huo katika kurasa tatu, nami nikasoma moja.

5.0 Mchezo Ulivyoingia Katika Nyimbo

Kwa muda fulani Lennon mwandishi na Lennon mtunzi wa nyimbo walikuwa kama watu wawili wasiosalimiana. Nyimbo za mwanzo za Beatles zina msamiati mwepesi wa mapenzi, na mchezo wa kitabuni haumo. Machi 1964, katika mahojiano ya kitabu chake cha kwanza, mwanahabari Kenneth Allsop wa BBC alimuuliza kwa nini haandiki nyimbo kwa mtindo uleule wa kitabu. Lennon alisema baadaye kwamba swali la mwanahabari ndilo lililomsukuma kuanza wimbo wa "In My Life", uliotoka mwaka 1965, ingawa wimbo wenyewe ulipokamilika ulikuwa wa kumbukumbu zaidi kuliko wa upuuzi.

Upuuzi wenyewe ulifika wimboni mwaka 1967, katika "I Am the Walrus". Inasimuliwa kwamba Lennon alipata barua kutoka kwa mwanafunzi wa shule yake ya zamani, akiambiwa kwamba mwalimu wa Kiingereza sasa anawachambulisha nyimbo za Beatles darasani, naye akaamua kuandika maneno yatakayowashinda. Mnyama wa baharini anayetajwa katika jina la wimbo ametoka katika shairi la Carroll lililomo katika kitabu cha pili cha Alice, cha mwaka 1871. Miaka mingi baadaye Lennon alikiri kwamba hakuwa ametambua kuwa katika shairi hilo mnyama huyo ndiye mwovu. Sisi tunaochambua nyimbo tuna la kujifunza hapo kuhusu kutafuta maana ya siri, lakini sitalisukuma mbali. Linalonihusu zaidi ni kwamba wimboni, tahajia haionekani. Utani wa jicho, kama ule wa jina la kitabu cha kwanza, hauna kazi tena. Mtunzi analazimika kutegemea sauti, mdundo na maneno ya kubuni yenye silabi zinazoimbika. Kwa maneno mengine, Lennon alipopeleka upuuzi wake katika muziki aliusogeza karibu zaidi na hali ya Kiswahili.

6.0 Jaribio la Kiswahili

Othografia yetu huandika karibu kila fonimu kwa namna moja. Kwa hiyo maneno mawili yanayotamkwa sawa huandikwa sawa, na utani wa write na right hauwezekani. Panapotokea pengo kati ya jicho na sikio, huenda upande wa pili. Katika lahaja za pwani, paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo na paa la nyumba bila mpumuo, vilevile kaa wa baharini na kaa la moto. Maandishi sanifu huwaunganisha wote. Kwa Mwingereza jicho hutenganisha kile ambacho sikio limeunganisha. Kwa mtu wa Mombasa au Lamu, jicho huunganisha kile ambacho sikio limetenganisha.

Mfasiri afanye nini, basi? Wafasiri wa Kifaransa wa mwaka 1965, akiwemo mwandishi Christiane Rochefort, hawakujaribu kubeba haki wala kuandika. Walichukua msemo wa kisheria wa lugha yao, unaohusu mtu aliyefumaniwa akitenda kosa, wakabadilisha neno la mwisho ili asomeke kuwa amefumaniwa akiweweseka: En flagrant délire. Maana imeachwa, utaratibu umehifadhiwa. Naona uamuzi huo ni sahihi.

Kwa Kiswahili, jina la kitabu cha kwanza linatupa bahati tusiyoitarajia. Msemo wa kwa haki yake mwenyewe unaweza kugeuzwa kuwa Kwa Hati Yake Mwenyewe, haki na hati zikiwa jozi mlinganuo finyu, na hati ikiwa ni maandishi. Tumepata maana zote mbili. Tulichopoteza ni ule usawa wa sauti: msikilizaji wetu atasikia t, na lazima aikumbuke k mwenyewe.

Cha pili kina ugumu zaidi na kina raha zaidi. Spana tunayo, tumeikopa kwa Waingereza, na Uhispania haiko mbali nayo kwa sauti. Lakini Mswahili hatii spana katika mashine. Kinachoharibika kwetu ni kitumbua, na kinachokiharibu ni mchanga. Badilisha ch kuwa g: mchanga unakuwa mganga. Kama ilivyo kwa Lennon, kitu kisicho na uhai kimekuwa mtu. Hapo ngeli zinaanza kudai haki yao. Tukitumia kauli ya kutia mchanga kitumbua, kitenzi kitatusaliti, kwa kuwa mganga ana uhai na Kiswahili kitapenda tuseme kumtia mganga. Kile kiambishi -m- kitatangaza utani kabla haujafika. Suluhisho limo katika umbo lingine la msemo huohuo, Kitumbua Kimeingia Mganga, ambamo kitenzi kinapatana na kitumbua, na aliyeingia anaweza kubadilishwa pasipo kugusa silabi nyingine yoyote. Nimelijaribu jina hili kwa wenzangu idarani. Waliokulia Unguja walicheka kabla ya kulimaliza.

Tunazo pia nyenzo ambazo Lennon hakuwa nazo. Sentensi fisi amekula ina maana ya kawaida, kwamba fisi ameshiba, na ina maana nyingine kwa anayeambiwa: kwamba fisi amemla yeye. Chanzo ni kwamba kitenzi cha silabi moja hubeba ku- ambayo haitofautiani kwa umbo na kiambishi cha mtendwa cha nafsi ya pili. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Sarufi yenyewe imecheza. Kinyume, ile lugha ya mafumbo ya Unguja ambayo Edward Steere aliitaja katika karne ya 19, huleta silabi ya mwisho mwanzoni, nyumba ikawa mbanyu na kitabu kikawa bukita. Lakini hicho ni kificho kuliko upuuzi, kwani kila neno lina ufunguo, na anayejua ufunguo hachekeshwi na chochote.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni "Snore Wife". Mchezo wake unahitaji hadithi ambayo kila mtoto anaijua kwa jina, ili hata ikipindwa isikike. Snow White hana jina lililokita mizizi katika Kiswahili, hivyo kumpinda ni kumpinda mtu asiyejulikana. Nikarudi kwenye ngano zetu, na jaribio langu la sasa linaitwa Sungura na Ofisi. Fisi ameongezewa irabu moja tu. Ngano inaendelea kama kawaida: njaa, ahadi, ulafi, hila. Ila sasa mlafi ni jengo lenye madirisha na mhuri.

Na hapa dai langu la sehemu ya nne linapata mtihani. Ofisi iko katika ngeli ya i-/zi-, hivyo sarufi inataka ofisi ikamla mbuzi. Ukiandika hivyo, fisi anatoweka kufikia aya ya pili na tunabaki na kejeli ya kawaida ya urasimu. Ukiandika ofisi akamla mbuzi, umevunja upatanisho, ila kiambishi a- kinamrudisha fisi kila kitenzi kinapotamkwa. Nimeandika matoleo mawili. Lenye kosa ndilo linalochekesha, mradi viambishi vingine vyote viwe sahihi na kosa lirudi palepale, katika a- hiyo hiyo, kutoka mwanzo wa ngano hadi sungura anapopata barua yake imegongwa mhuri.